Falsafa, Siasa na Uchumi: Je, ni Elimu ya Watawala Tu?

Hotuba ya Kamati ya Mafunzo mbele ya wajumbe wa wafanya kazi wa tawi. Yachapwa hapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walikuwa wakitafuta makoti yao. Alisema kijana wake anataka kwenda chuo kikuu kusoma digrii moja yenye masomo matatu ndani yake, yaani falsafa, siasa na uchumi. Akauliza kama mfuko wa mafunzo wa tawi hili waweza kumsaidia karo. Wengi walicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Falsafa yapikwa kwa sufuria gani?" Mwenyekiti akaipa Kamati kazi ya kulichunguza jambo lenyewe na kuleta maneno. Haya ndiyo maneno yetu.

Twaungama kwanza kwamba sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliocheka. Uchumi twaujua, maana bei ya unga hutufundisha kila mwisho wa mwezi. Siasa twaijua kupita inavyotufaa. Lakini falsafa tuliiona ni mchezo wa watu walioshiba. Kilichotugeuza ni kushindwa kwetu wenyewe mezani, nasi hatuna budi kuwaeleza habari ile, ingawa haipendezi.

Wengi wenu mwakumbuka mazungumzo ya pesa za nyumba, katika kampuni ambayo leo hatutaitaja jina. Tulikwenda watu saba. Upande wa pili walikuwa watatu tu, na aliyesema sana alikuwa kijana mpole, mwenye karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mauzo yamepungua, kwa hiyo kampuni haina uwezo. Tulipoanza kubishana juu ya mauzo, akaleta neno la pili, kwamba hata uwezo ungalikuwapo, uamuzi si wake, ni wa wakurugenzi. Tulipouliza wakurugenzi wako wapi, akaleta la tatu, kwamba si haki mfanya kazi mwenye nyumba yake mwenyewe alipwe sawa na yule anayepanga chumba. Hapo tukaanza kutazamana sisi kwa sisi, maana kati ya watu wetu saba walikuwamo wenye nyumba na wapangaji. Mzee mmoja wetu alikasirika akatoka nje. Sisi wengine tulijibu kwa bei ya unga na kodi ya chumba, tukarudi na nyongeza ambayo mpaka leo twaona haya kuitaja.

Miezi mingi baadaye tuliitoa ile karatasi tukaisoma tena kwa utulivu, ndipo tulipoona jinsi tulivyosukwa. Maneno yale matatu hayakuwa ya namna moja. La kwanza lilikuwa neno la hesabu. Hesabu hujibiwa kwa hesabu, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 57, yamlazimisha mwajiri aliyekitambua chama kutoa habari zote zinazohusu mazungumzo ili chama kiweze kuzungumza kwa kufaa. Sisi hatukuomba hata ukurasa mmoja. La pili lilikuwa neno la mamlaka: nani mwenye nguvu ya kuamua? Hilo halijibiwi kwa hesabu. Hujibiwa kwa kusema, basi aletwe mwenye kuamua, au wewe upewe idhini yake kwa maandishi kabla hatujaketi. La tatu lilikuwa neno la haki. Je, pesa za nyumba ni sehemu ya malipo ya mtu, au ni sadaka kwa asiye na nyumba? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au alipe pesa za kutosha kupanga, isipokuwa pale ambapo zimekwisha kuingizwa ndani ya mshahara. Kifungu hicho hakisemi neno lolote juu ya mtu aliyejijengea kwa jasho lake. Na hata kama sheria isingalikuwapo, tungaliweza kuuliza: mtu aliyejinyima miaka ishirini akajenga, je, akiba yake ni ya kampuni?

Yule kijana alikuwa akibanwa kwenye hesabu hurukia mamlaka, akibanwa kwenye mamlaka hurukia haki, na sisi tulimfuata kama watu wanaokimbiza kuku uani. Hatusemi alisoma digrii ile; hatujui alisoma nini. Twasema tu kwamba alijua kuruka, nasi hatukujua hata kwamba karuka.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza kwa dhati kwa nini watu wengine hufundishwa mambo haya matatu pamoja, na ni akina nani hao.

Digrii yenyewe ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kabla ya hapo kijana aliyetayarishwa kutawala, katika nchi yake au katika nchi za wengine kama hii yetu, alisomeshwa Kiyunani na Kilatini, na falsafa na historia ya watu wa kale. Walimu kadhaa wa Oxford waliona kwamba ulimwengu umebadilika. Kulikuwa na viwanda, kodi, migomo, na watu wengi waliopata kura. Mtawala asiyejua uchumi angekuwa kipofu. Basi wakatunga masomo mapya ya watu wa leo: falsafa iwafundishe kupima hoja na kuuliza lililo jema, siasa iwafundishe jinsi nguvu zinavyoshikwa, na uchumi iwafundishe jinsi mali inavyopatikana na kugawanywa. Mwanafunzi husoma yote matatu mwaka wa kwanza, na siku hizi huruhusiwa baadaye kuacha moja na kuendelea na mawili. Mfano huo umeigwa na vyuo vingi duniani, huko Marekani na hata Afrika Kusini.

Lakini wazo la kuyaunganisha ni la zamani zaidi ya Oxford. Adam Smith, anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili huko Glasgow kabla ya kutoa kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776. Matajiri hupenda sana kumtaja. Hawasemi kwamba katika kitabu kile kile aliandika kuwa waajiri hupatana kimya kimya siku zote wasipandishe mishahara, na kwamba sheria za wakati wake ziliwakataza wafanya kazi kuungana bila kuwakataza mabwana zao. Karl Marx naye alipata shahada yake ya udaktari katika falsafa, mwaka 1841, kabla hajaingia katika hesabu za kiwanda. Watu hawa wawili hawakupatana katika mambo mengi, lakini hakuna kati yao aliyedhani kwamba mshahara ni jambo la hesabu tupu. Ni baadaye vyuo vilipojenga ukuta kati ya chumba na chumba, hata mwana uchumi akaweza kusema, "Haki si somo langu," na mwana falsafa akasema, "Pesa si somo langu." Sisi mshahara wetu hukaa katika vyumba vyote vitatu.

Sasa twaja kwenye jambo gumu. Je, mtu akiyasoma hayo matatu huwa rafiki wa mfanya kazi? Tulitafuta mifano, na tuliyoipata yatosha kumwondoa mtu usingizini.

Tazameni Uingereza mwaka 1969. Waziri Mkuu alikuwa Harold Wilson wa chama cha Labour, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanya kazi. Alikuwa amesoma digrii hii Oxford, akafaulu kwa daraja la kwanza. Waziri wake wa kazi alikuwa Mama Barbara Castle, mpiganaji hodari, naye alisoma digrii hiyo hiyo. Mwezi wa Januari mwaka huo walitoa mpango wa kuifunga migomo kwa sheria: waziri aweze kuagiza wagomaji wangoje siku 28 za kupoa, na aweze kuamuru kura ipigwe kabla ya mgomo. Vyama vilipinga kwa nguvu zote, na mwezi wa Juni mpango ukaondolewa. Na aliyesimama ndani ya baraza la mawaziri kuwatetea wafanya kazi alikuwa James Callaghan, mtu asiyepata kuingia chuo kikuu, aliyeanza kazi kama karani wa ofisi ya kodi akawa mtumishi wa chama cha makarani wenziwe. Mwaka uliofuata akaja Edward Heath wa chama cha Conservative. Alisoma nini? Ile ile. Akaleta sheria yake kali ya mwaka 1971, wafanya kazi watano wa bandarini wakatiwa gerezani Julai 1972, wakatolewa baada ya siku chache kwa kuwa nchi ilikuwa ikisimama. Mwanzo wa 1974, wachimba makaa walipokuwa katika mgogoro, viwanda vikafanya kazi siku tatu kwa juma, naye akaitisha uchaguzi akashindwa. Basi walimu wale wale, vitabu vile vile, vyama viwili vinavyopingana, na mkono ule ule ukawafikia wafanya kazi. Katika miaka ya karibuni David Cameron, Liz Truss na Rishi Sunak, wote mawaziri wakuu, walitoka katika masomo hayo. Huyo Truss hakudumu madarakani hata miezi miwili katika mwaka 2022, na uchumi ndio uliomwangusha.

Mtasema hao ni Wazungu na mambo yao. Haya, tuje Afrika. Dakta Kofi Busia wa Ghana alisoma falsafa, siasa na uchumi Oxford akamaliza mwaka 1941. Alikuwa mtu wa heshima na elimu nyingi, akawa mwalimu mkuu wa chuo kikuu, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya Afrika inavyoitafuta demokrasia. Mwaka 1969 akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1971 serikali yake ilipotoza watu kodi mpya ya maendeleo, wafanya kazi wakagoma, na mwezi wa Septemba Bunge likapitisha kwa haraka sheria ya kulivunja shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Ghana. Mwenye kitabu cha demokrasia! Mwezi wa Desemba akashusha thamani ya pesa ya nchi, na Januari 1972 jeshi likampindua. Hatusifu bunduki hata kidogo. Serikali ya askari haikuwa dawa ya Ghana. Lakini wenzetu wa Ghana walirudishiwa shirikisho lao na askari baada ya kunyang'anywa na mtu msomi, na hilo ni jambo la kutia uchungu kwa kila anayeipenda elimu.

Ndugu mmoja katika Kamati alipoyasikia hayo alisema, "Basi tumekwisha. Karo asipewe." Wengine hatukukubali. Kisu kilichomkata mkono mwenye nyumba ni kile kile kilichomkatia nyama. Lililotushughulisha ni swali jingine: nani huamua kisomwe nini, na aliyesoma hurudi kwa nani?

Swali hilo wafanya kazi walikwisha kuliuliza zamani, na waliuliza katika mji ule ule wa Oxford. Mwaka 1899 Waamerika wawili, Walter Vrooman na Charles Beard, walianzisha hapo Chuo cha Ruskin kwa ajili ya wafanya kazi. Hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Kilikuwa jirani yake tu. Vyama vya wachimba makaa, vya reli na vinginevyo vilituma watu wao. Wanafunzi wale walikuwa watu wazima waliotoka katika migodi na karakana, na baada ya muda wakaona kwamba uchumi wanaofundishwa unawaeleza kwa upole kwa nini mambo ni lazima yawe kama yalivyo. Marx hakupewa nafasi waliyoitaka. Tena wakasikia kwamba chuo chao kinasogezwa karibu zaidi na Chuo Kikuu, ili wao walainike. Mwaka 1909 mkuu wa chuo, Dennis Hird, waliyempenda, alipotakiwa kuondoka, wanafunzi waligoma. Naam, wanafunzi waligomea masomo! Wengi wao baadaye wakaunga mkono chuo kipya, Central Labour College, kilichohamia London na kugharimiwa hasa na wachimba makaa wa South Wales na watu wa reli. Kilifungwa mwaka 1929 kwa kukosa pesa. Lakini kabla hakijafungwa kilikuwa kimewafundisha vijana wawili wa migodini ambao habari zao ni za kufaa hapa. Mmoja ni Aneurin Bevan, ambaye mwaka 1948 aliwaletea Waingereza matibabu bila kulipa mlangoni pa hospitali. Wa pili ni James Griffiths, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, akaja Kenya mwaka 1951, na viongozi wetu wa KAU wakampa madai yao.

Lakini tusifanye kama kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika. Kulikuwa na njia nyingine nayo haikuwa mbaya. Mwaka 1908 mwalimu mmoja kijana, R. H. Tawney, alianza kufundisha madarasa ya wafanya kazi huko Rochdale, mji wa pamba, na Longton, mji wa wafinyanzi. Hakuwaita waje chuoni, aliwafuata kwao. Mpango wa madarasa yale ulikuwa hivi: watu wasiozidi 30 hivi, mara 24 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, saa mbili kila mara. Saa ya kwanza ni ya mwalimu, saa ya pili ni ya maswali, na mwalimu hana ruhusa ya kuikimbia saa ya pili. Kila baada ya majuma mawili mwanafunzi huandika insha, naye katoka kazini mikono ina udongo. Twawaomba muishike hesabu hiyo, tutairudia.

Mmoja wa watu walioifanyia kazi sana digrii ile ya Oxford, A. D. Lindsay, alifundisha pia madarasa ya wafanya kazi katika sehemu hizo za wafinyanzi. Alipokuwa mzee, mwaka 1949, alisaidia kuanzisha chuo kikuu kipya huko Keele, karibu nao, ambapo kila mwanafunzi alipaswa kusoma mwaka mzima mambo mchanganyiko kabla ya kuchagua lake. Kwa hiyo si kweli kwamba wazo la kuunganisha masomo lilitoka kwa mabwana likateremka kwa wafanya kazi. Sehemu yake ilipanda kutoka chini.

Na sisi Kenya je? Sote twajua kwamba Tom Mboya alikwenda Ruskin mwaka 1955 akarudi 1956. Lakini hatusemi vya kutosha kwamba alikwenda akiwa tayari Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama, mwezi wa Machi 1955 akiwa ametoka katika mgomo wa bandari ya Mombasa. Hakwenda kutafuta kazi. Alikuwa nayo. Alikwenda na maswali mfukoni, na huko akaandika kijitabu juu ya swali la Kenya na jibu la Mwafrika. Tanganyika nao walifungua Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, wakikitazama Ruskin kama mfano. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Edinburgh, mwaka 1949 hadi 1952, mchanganyiko wa uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, na yeyote aliyepata kumsikia akieleza jambo atakubali kwamba masomo yale yalikuwa yakizungumza ndani yake kwa pamoja.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni wa mwaka 1954. Serikali ya kikoloni iliweka kamati juu ya mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter aliyekuwa Kamishna wa Kazi. Kamati ile ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na robo ya wale wa serikali, walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya afya na heshima. Kwa nini? Kwa sababu mshahara ulikuwa umehesabiwa kwa mwanamume mmoja aishie kitandani mwa kukodi, kana kwamba mke na watoto hula upepo huko mashambani. Kamati ikashauri mshahara uhesabiwe kwa mtu na jamaa yake, na mabadiliko yafanywe polepole kwa miaka.

Litazameni neno hilo moja, "mtu na jamaa yake". Kiasi cha unga na kodi ni hesabu ya uchumi. Kwamba koloni lilitaka mke abaki mashambani na mume arudi huko akizeeka, hiyo ni siasa. Na swali la kama mshahara ni bei ya mikono au ni riziki ya nyumba, hilo ni falsafa, ndugu zetu, liwe limeandikwa kitabuni au limesemwa barazani. Wazee wetu walipoketi chini ya mti kugawa shamba la marehemu, wakauliza nani alilima, nani ana watoto wadogo, na nani aliahidiwa, hawakuwa wakicheza. Sufuria ya falsafa ndiyo hiyo, tumjibu ndugu yetu aliyeuliza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki. Imeandikwa hivyo, wala hakuna tarakimu iliyowekwa. Tarakimu itawekwa na nani? Na yule atakayekuwa tayari na hoja, mezani kwanza, na baadaye mbele ya jaji. Mwajiri atakuja na wakili na mtu wa hesabu. Sisi tukija na hasira peke yake, neno "haki" litajazwa na mwingine.

Sasa kuhusu mfuko. Kamati haikupatana, wala hatutawaficha. Kati ya watu saba, wanne walisema mfuko huu ulichangwa na wanachama kwa mafunzo ya wanachama, na karo ya chuo kikuu ya miaka kadhaa kwa kijana mmoja itaumaliza. Watatu walisema tusiwe wachoyo. Kijana apewe kiasi kidogo, naye aahidi kuja wakati wa likizo kutufundisha alichosoma. Wale wanne wakajibu kwamba ahadi ya kijana wa miaka 19 ni kama mvua ya Januari, huenda ikanyesha. Baba yake alikuwapo tulipozungumza, akasema neno moja tu, kwamba yeye hakuomba sadaka, aliomba chama kimjue mtoto wake. Neno hilo lilitunyamazisha, na baadhi yetu bado twalitafakari. Mtapiga kura ninyi.

Lakini katika jambo la pili wote saba tulikuwa kitu kimoja. Twataka tawi lianze darasa la jioni kwa mpango ule wa Rochdale na Longton, watu wasiozidi 30, mara 24 kwa mwaka. Mwalimu wa uchumi tutamwomba, na wa sheria pia, lakini orodha ya mambo ya kusomwa itatungwa na Kamati pamoja na wanafunzi wenyewe, na mwalimu akitaka kuongeza lake atauliza kwanza. Saa ya pili ni ya maswali. Kina mama wanaotoka zamu saa kumi na moja wametuambia kwamba saa kumi na mbili ndiyo yawafaa, wakaomba pia mahali pa watoto wadogo kukaa. Hilo la watoto hatujapata chumba, na mwenye kujua chumba karibu na ofisi atuambie.

Somo la kwanza litakuwa ile karatasi ya yule kijana. Tumeihifadhi. Kila atakayekuja alete karatasi yake ya mshahara ya mwezi uliopita na nakala ya mkataba wetu wa pamoja, ile yenye jalada la kijani kibichi. Walio na nakala zilizoliwa na panya waandikishe majina kwa karani kabla ya Ijumaa, tutapiga chapa nyingine.